Mume Wangu Agonge Dari za Mgodini, Zangu Aziache

Mheshimiwa Meneja wa Mgodi,

YAH: OMBI LA KUMHAMISHIA MUME WANGU GHALANI

Salamu nyingi. Nyumbani hatujambo, ila tunaishi kwa kuinama. Mimi ni mke wa yule bwana mnayemwita Sikio, ambaye kila zamu hutangulia chini na mtaimbo wake kugonga dari ya mwamba kabla wachimba makaa hawajaingia. Kwa kuwa ofisi yako iko juu, nikueleze: mkono mmoja hugonga, wa pili huubandika mwambani kusikiliza mtetemo. Mwamba mzima hulia kama kengele. Uliolegea hutoa sauti ya debe tupu, na hapo mtu hapiti. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo ikibaki huko huko. Haibaki.

1. Akiamka tu, kabla hajanisalimu, ameshapanda kitandani na mpini wa ufagio. Chumba chetu kilifaulu. Sebule ilifeli. Amechora msalaba wa chaki juu ya kochi langu jipya, na sasa wageni nawakaribisha kwenye korido.

2. Katikati ya sebule amesimamisha nguzo tatu za mti. Nilimwomba basi aweke za chuma, nyembamba, nizipake rangi. Akakataa katakata. Eti chuma hunyamaza mpaka siku ya kuvunjika, ila mti hulalamika kwanza. Kwa hiyo tukila hatuongei, ili mti ukiwa na neno usikike. Mheshimiwa, mimi katika ndoa hii nimelalamika kuliko mti wowote, na hajawahi kunyamazishwa mtu kwa ajili yangu.

3. Tulikwenda kuonana na wazazi wa mchumba wa binti yetu. Mume wangu akasimama, watu wakatulia wakidhani anatoa shukrani. Akapanda kigoda, akagonga dari ya watu, akamwomba baba wa mchumba ahame kiti. Mzee alihama. Uchumba nao umehama, hatujui umekwenda wapi. Binti yangu hali chakula, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kochi.

4. Juzi niliumwa kichwa. Alinigonga paji la uso, kwa adabu, kiganja kikiwa kisogoni, akatangaza kwamba niko imara. Mimi nilitaka panadoli.

5. Ugonjwa umeambukiza. Sasa fundi cherehani wa jirani hakati kitambaa mpaka Sikio apite kugonga dari yake. Kinyozi naye vivyo hivyo, na mteja hungoja amenyolewa upande mmoja.

Nimefikiri sana, nikaona jambo ambalo wataalamu wako wamelipita. Tangu mume wangu aanze kugonga, dari ya mgodi haijamwangukia mtu hata mmoja. Kama haianguki, inagongwa ya nini? Hata mgonjwa akipona huachishwa dawa. Naomba apelekwe ghalani akagawe kofia na buti. Paa la ghala ni bati tupu, lote hutoa sauti ya debe. Atagonga wiki nzima mpaka achoke mwenyewe.

Wasalimie wote ofisini, mama watoto wako, na mlinzi wa getini anayeniitikia vizuri kila nikipita.

Ni mimi mwenye kuheshimu cheo chako,
Mke wa Sikio

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nikalazimika kuifungua. Mdogo wangu wa mwisho, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe, amepata kazi kwako na Jumatatu anashuka kuchimba. Naogopa, ndiyo maana mwandiko wa hapa chini umepinda. Nimemfuata mume wangu nikamsihi agonge mara mbili pale atakaposimama shemeji yake. Amekataa. Amesema huko chini kila kichwa ni cha shemeji yake, na wote huwagongea sawasawa. Nimemwandalia maji ya kuoga. Basi, Mheshimiwa, ghalani mpeleke mwingine.