Mkanda Uliokuja na Uyoga

Jumanne, 3 Juni
Daftari, niwie radhi. Sijakugusa tangu Machi. Binti yangu Mabli anaota meno, nami nalala kwa vipande.

Mambo ni haya. Baba mkwe, mzee Idwal, anataka Mabli apande Morris yake Jumapili kwenye gwaride la magari ya kale. Gari la 1961, nyuma fremu ya mbao, mikanda halina. Mabli ana miaka miwili. Nikamkumbusha sheria: mtoto wa chini ya miaka mitatu habebwi kwenye gari lisilo na mikanda. Akasema yeye kabeba watoto saba humo na hakuanguka yeyote ila Emrys, na huyo alikuwa mtundu. Mume wangu Gethin akatazama chai yake. Mikanda, anasema mzee, eti inaharibu uasilia.

Nina mpango.

Jumatano, 4 Juni
Nimemnong'oneza mzee kwamba Trefor, aliyemnyang'anya kikombe cha ushindi mwaka jana, ameshafunga mikanda, tena ya kijivu. Uongo mtupu. Mzee akaacha keki mezani, akaenda kuchukua mikanda stoo ya klabu ya magari, akampa Gethin aifunge. Saa kumi jioni Gethin akatangaza kazi imekwisha.

Kazi ya saa mbili tu! Rafu ya jikoni anaifunga tangu harusi yetu. Nashuku.

Alhamisi, 5 Juni
Mabli alipolala mchana nikaingia garini. Nikakanyaga kiti, nikavuta mkanda wa nyuma. Ukaja. Ukaja na skrubu, kipande cha fremu, na uyoga. Gethin ameukaza mkanda kwenye mbao iliyooza.

Nikamwekea Gethin vyote kwenye sahani yake ya jioni. Akasema mbao za zamani ni ngumu kuliko chuma, mama Mabli, ila hapo pana unyevu kidogo. Ataweka skrubu ndefu.

Skrubu ndefu, anasema.

Jumamosi, 7 Juni
Nimechomoa rota, kile kidude cha ndani ya distribyuta, kinachogawa umeme wa injini. Bila hicho gari haliwaki. Nikakificha kwenye soksi ya Mabli. Mzee akaja, akafungua boneti, akachungulia, akatoa kingine mfukoni mwa koti. Likawaka. Akaniambia wezi wa siku hizi wamesoma, binti. Hakutabasamu.

Anajua? Nadhani anajua.

Jumapili, 8 Juni
Asubuhi nikasema wazi: Mabli haendi. Wakanuna. Basi chukueni gunia la viazi, kilo kumi na mbili, uzito wake. Likifika uwanjani salama, mwakani mtoto ni wenu. Mzee akacheka, akalivisha kofia ya Mabli, akalifunga mkanda nyuma mwenyewe. Akaliita mjukuu.

Tulisimama njia panda, Mabli mabegani mwangu. Kondoo akakatiza. Gethin, aliyeshika usukani, akafunga breki. Wala si kwa kasi, mbwa angewapita. Mkanda ukang'oka na kipande cha mbao, gunia likapita kati yao, likagonga kioo, likampasukia mzee mapajani.

Nilipofika watu walikuwa wanacheka. Mzee ameishika ile kofia. Yeye hacheki. Akasema, polepole, binti, ningemuua. Nikamshika mkono. Mabli akaomba kiazi.

Jumatatu, 9 Juni
Gethin ameomba radhi kabla ya kifungua kinywa. Fundi wa kweli anakuja Ijumaa kufunga mikanda sakafuni, kwenye chuma kizima, na vifaa vyote analeta yeye. Anasema amegundua ule uongo wangu wa Trefor, na ndio uliowafanya waifunge mbiombio. Kuanzia sasa tuambiane, mama Mabli, hakuna mambo ya kichinichini. Nikakubali, nikambusu.

Mwanamume anayeomba radhi kabla ya chai! Nashuku. Akaingia kuoga, nikawaandikia wauza vipuri, sahihi nikaweka yake, barua ikisema: Fundi ameahidi kuleta vifaa, ila bado naomba mnitumie, kwa mlango wa nyuma wa jirani yangu Nerys: mikanda miwili ya kiunoni, ya kijivu, mabamba manne ya chuma ya kuweka chini ya sakafu, bolti nne, nati nne, na karatasi ya maelekezo, yenye picha.