Malalamiko ya Nyumba ya Kumi na Moja

Naftaly Bundi,
Nyumba ya Kumi na Moja,
Kigango cha Mtakatifu Isidori Mkulima,
Kanyakine.

Jumapili, 15 Mei 2011, saa kumi alasiri.

Kwa Padre Ndambiri, Paroko,
Kupitia kwa Katekista Misheck (ambaye naomba asiifungue).

Mpendwa Baba Paroko,

KUH: KUGEUZWA KWA NJIA YA MAANDAMANO, AU KUHAMISHWA KWA KANISA, LOLOTE LITAKALOKUWA RAHISI

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiwa nimeketi kando ya sufuria ya mukimo ambayo haijaguswa. Natumaini wewe umeshiba. Kwa kweli najua umeshiba, na hilo ni sehemu ya malalamiko yangu.

Kwa kuwa ulikuja kwetu juzi tu kutoka Kibugu, acha nikueleze tulivyofika hapa. Mwaka wa 1997 alikuja padre Mfilipino, Padre Crisanto, mtu mfupi mwenye kicheko kirefu. Alituambia kwamba katika mji wao, siku ya Mtakatifu Isidori, watu hutundika mavuno malangoni na kila nyumba hulisha yeyote apitaye. Tulipenda sana. Tangu siku hiyo maandamano hutoka kanisani na sanamu, yakipanda mlima nyumba kwa nyumba, nyumba kumi na moja. Sheria alizotuachia ni tatu. Lango halifungwi. Anayeingia hupakuliwa bila kuulizwa ametoka wapi. Na mwenye nyumba hagusi chakula hadi mgeni wake wa mwisho atoke nje ya lango.

Sina ugomvi na sheria hizo. Ugomvi wangu ni na hesabu. Nyumba ya kwanza ni ya ndugu yangu Muthamia, ambaye ukuta wake unapakana na kanisa. Ya kumi na moja ni yangu. Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa kwa miaka ishirini na miwili, Padre, na najua gunia lililojaa nikiliona. Magunia yanayofika kwangu yamejaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa Muthamia watu huingia wakiwa wametoka Misa ya saa tatu, na wewe ulihubiri hadi saa sita kasorobo. Sikulaumu, mahubiri yalikuwa mazuri, hasa pale mwanzoni. Lakini mtu aliyeketi muda huo wote akisikia harufu ya pilau ya shemeji yangu Marcella ikiingia dirishani hana tena mpango wa kubakisha nafasi kwa ajili ya mtu anayeitwa Bundi.

2. Kufikia nyumba ya sita, kwa Peninah, wanaume wamelegeza mishipi. Kufikia ya tisa, kwa Teresia, wanaomba maji tu. Wakifika kwangu wanauliza choo kiko wapi. Leo nimeonyesha watu thelathini na wanne choo. Ni choo kizuri, nilikichimba mwenyewe, lakini sikukichimba kwa heshima ya Mtakatifu Isidori.

3. Lango langu nililipamba kwa ndizi, nduma na mahindi, kama alivyotufundisha Padre Crisanto. Mapambo hayo yameliwa yote na mbuzi wa Teresia. Nilitaka kumfukuza, kisha nikakumbuka kwamba ndiye mgeni pekee aliyefika kwangu akiwa na njaa, nikamwacha amalize.

4. Binti yangu Kathure alikuja kutoka chuo kule Nchiru na wenzake tisa. Wanafunzi, Padre! Watu wanaoishi kwa chai na mandazi. Nilijiambia mwaka huu tumepona. Nikapata habari kwamba walishukia kwa baba yake mkubwa ili wamsalimie tu, na katika hiyo salamu binti yangu mwenyewe akala vipande vinne vya nyama. Alipofika nyumbani alimkumbatia mama yake, akaenda kulala.

5. Wewe mwenyewe ulisimama mbele ya sufuria yetu, ukanyoosha mkono, ukaibariki. Ukaondoka. Padre, ile sufuria haikuwa na haja ya baraka. Ilikuwa na haja ya mwiko.

Sasa nikueleze jambo ambalo limenifanya niandike, kwa sababu hayo mengine mtu anaweza kuyacheka. Mke wangu Ntinyari alianza kuloweka njahi, yale maharagwe meusi, Ijumaa. Leo ameamka saa tisa alfajiri kumenya viazi na ndizi, na mukimo aliouponda hauna hata kidonge kimoja. Nimeuangalia, sijauonja: wageni walipokuwapo sheria ya tatu ilinizuia, na walipoondoka sikuwa na moyo wa kula peke yangu. Watu walipoondoka, aliketi kwenye kigoda akaanza kufunika sufuria kwa majani ya mgomba, taratibu, akaniambia bila kugeuka:

"Baba Kathure, mwaka ujao mimi napika chai peke yake. Na hata hiyo chai, kama kuna mtu atainywa."

Iliniuma sana. Miaka kumi na minne mwanamke huyu amepika kana kwamba watu watakuja na njaa, na miaka kumi na minne kesho yake tumekula mukimo uliolala, sisi wawili, hadi siku ya tatu. Akiacha kupika, lango langu litakuwa wazi kwa ajili ya nini? Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, yafuatayo:

Kwanza, maandamano yaanzie kwangu na kuteremka. Sanamu ya Isidori ni nzito, na mtu yeyote mwenye mgongo atakuambia kuteremka ni afadhali.

Ikiwa hilo haliwezekani, basi kwa Muthamia watu wapakuliwe kwa kijiko cha chai, na Katekista Misheck asimame pale kuhesabu. Lakini nikifikiri tena, Misheck hawezi kusimamia pilau. Nilimwona leo. Awekwe mtu mwingine.

Ikiwa hilo nalo ni gumu, nina mizani. Kiwanda kilinizawadia ile ya zamani nilipostaafu. Nitaitundika mlangoni mwa kanisa bila malipo, kila muumini apimwe akitoka Misa, na apimwe tena nyumba ya tatu. Atakayeongezeka kilo moja na nusu aruke nyumba zinazofuata, aje moja kwa moja ya kumi na moja. Wazee watapimwa wakiwa wameketi. Masista hawatapimwa mbele ya watu.

Na ikiwa mizani italeta aibu, basi hakuna njia nyingine isipokuwa kulihamisha kanisa. Usishtuke. Mawe yake tuliyabeba sisi wenyewe kwa migongo kutoka mtoni, na mtu aliyebeba jiwe mara moja anajua linavyoshikwa. Kuna uwanja mzuri nyuma ya kahawa yangu. Kengele itasikika hadi kwa Muthamia, na atakuwa na matembezi mazuri ya kupanda mlima kila Jumapili, jambo ambalo daktari alishamwambia.

Isidori, tunafundishwa, alikuwa akisali huku malaika wakimlimia. Mimi nimelima mwenyewe, mke wangu amepika mwenyewe, na sikuombi malaika. Naomba walaji. Nisipojibiwa, nitalazimika kurudi kwa Wamethodisti, nilikozaliwa. Kule hawana sikukuu hii, lakini angalau wanaikosa wote kwa usawa.

Wasalimie masista, mpishi wako, kwaya yote (hata sauti ya nne, waliomaliza chapati kwa Peninah), na mama yako kule Kibugu. Ntinyari anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika.

Wako katika Kristo na katika njaa,
Naftaly Bundi

N.B. Padre, nilikuwa natafuta gundi ya bahasha niliposikia nyayo langoni. Alikuwa Muthamia, na Marcella, na watoto wao wote, na wakwe, watu kumi na watatu. Nilidhani kuna msiba. Ntinyari aliinuka akawapakulia bila kuuliza, kwa sababu ndiyo sheria, na walikula bila kuinua macho. Sahani ya pili ilipoisha ndipo ndugu yangu aliponena:

"Bundi, hii kitu nimekuficha. Wageni wakitoka kwangu hakubaki hata ukoko. Miaka kumi na minne, siku ya Isidori sisi hulala njaa, nikiona haya kupanda huku kukuomba."

Kwa hiyo naomba ufute yote niliyoandika. Njia ibaki ilivyo. Kanisa lisisogezwe hata jiwe moja. Ukiweza, mwaka ujao hubiri hadi saa saba, ili pale chini wamalize kila kitu. Muthamia ameisoma barua hii na anataka isahihishwe kwamba Kathure alikula vipande vitatu, si vinne. Ndiye atakayekuletea, akiondoka.

Lakini haondoki. Amevua viatu. Ntinyari amemwongezea mara ya nne na sasa anakwangua chini ya sufuria, akimuuliza Marcella kama mwaka ujao njahi debe moja zitatosha. Na kwa kuwa mgeni wangu wa mwisho bado yuko ndani ya lango, mimi sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na naona wazi kwamba sitabakiziwa. Nina njaa sana, Padre, na nimefurahi.