Kijani Hiki ni cha Mpito

(Kipaza sauti kinapiga mluzi. Mtu anakigonga. Mluzi unaongezeka, kisha unakatika.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mratibu Mkuu, ambaye hakuweza kufika kwa sababu ana mambo ya maana, Mheshimiwa Naibu Mratibu Mkuu, ambaye kiti chake nakikaimu kwa unyenyekevu mkubwa tangu alipokwenda masomoni na kusahau kurudi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uongozi, wa Kamati ya Ufundi, na wa Kamati ya Kuzikutanisha Kamati ya Uongozi na Kamati ya Ufundi, ndugu mtaalamu mshauri wa maji, ambaye pia ni shemeji yangu, mama yetu mpendwa mwenye nyumba hii, muuguzi mstaafu, ambaye bwawa lake la kuogelea, hili hapa nyuma ya jiko, ndilo lililotukusanya, wazazi wa watoto wenye miguu dhaifu ambao mama huyu alikuwa akiwafanyisha mazoezi ndani ya maji haya, watoto wenyewe, ndugu waandishi wa habari, yaani wewe bwana mwenye kamera, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi kutoka safu ya mbele. Safu za nyuma zina kazi ya kuua mbu.)

Ndugu zangu, leo nasimama mbele yenu kifua mbele, nikiwa na furaha ambayo nisipojizuia naweza hata kulia, kutangaza rasmi kwamba Mradi Mkubwa Jumuishi wa Kuondoa Mwani na Kusawazisha Kemikali za Maji katika Bwawa la Nyumbani umekamilika kwa asilimia mia moja, na katika baadhi ya maeneo, hasa upande ule wa kina kirefu, umevuka lengo.

(Watu wote wanageuka kulitazama bwawa. Ni kijani kibichi, ngazi zake hazionekani. Chura anaruka kutoka ukingoni na kuzama.)

Naona mnalitazama bwawa. Naomba msilitazame. Kulitazama bwawa kwa macho matupu ni mbinu ya kizamani sana ya kufanya tathmini ya bwawa. Wenzetu walioendelea hawatazami maji, wanatazama taarifa, na taarifa, ambayo nimeiandaa mwenyewe nikaikagua mwenyewe na kujipongeza mwenyewe, inaonyesha bayana kwamba rangi mnayoiona si rangi ya mwani. Hiyo ni rangi ya mpito. Maji yanapotoka katika uchafu kuelekea katika usafi hayawezi kukurupuka tu na kuwa ya buluu. Ni lazima yapitie kijani, yakae hapo, yatafakari, na sisi kama taasisi inayojali haki za wadau hatuwezi kuyaharakisha maji bila kuyashirikisha.

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Yalikuwa yanang'aa kabla nyinyi hamjaja!" Kicheko.)

Sauti hiyo naifahamu. Ni ya mama mwenye nyumba, na namheshimu kama mama yangu mzazi, kwa hiyo nitamjibu badala ya kumtoa nje, hasa kwa kuwa nje ni kwake. Ni kweli kwamba kabla ya sisi kuja, mama huyu alikuwa akilisafisha bwawa lake mwenyewe. Alikuwa na brashi ya mpini mrefu. Alikuwa na kopo la klorini stoo. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, alikuwa akichota maji kwenye kichupa, akidondoshea dawa, akikiinua kwenye mwanga, akisema leo yamechacha au leo hayajachacha, akitia magadi kiasi, akiwasha pampu, basi. Hana kamati! Hana mpango mkakati! Hana hata fulana yenye nembo! Siku moja ukatokea utelezi wa kijani katika kona ile ya kivulini, kiasi cha kiganja, na kabla mama hajaushughulikia kiholela, sisi tukawahi.

Tulifika na magari. Tukautambua mwani ule, tukaufanyia fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, tukauchorea rodimapu, yaani ramani ya safari yake, tukausajili. Na mwani ukishasajiliwa, mabibi na mabwana, si mwani wa mtu tena. Ni mwani wa mradi. Mtu binafsi hana mamlaka ya kuusugua. Leo akisugua kona, kesho atasugua ngazi, keshokutwa tutabaki na mradi usio na tatizo, na mimi niwe mratibu wa nini? Ndiyo maana, kwa uchungu mkubwa, tulilazimika kuchukua brashi, kuchukua kopo, na kuitia pampu kufuli ambalo ufunguo wake ninao hapa mfukoni, salama kabisa.

(Anaupigapiga mfuko. Mama mwenye nyumba anasimama: "Si unipe sasa hivi, mwanangu? Nikiiwasha leo isizimwe, nikapiga brashi kuta zote, jua likizama, maana jua huiua klorini, nikaitia ya kutosha, hiyo takataka itakufa na kuzama chini. Nitaivuta, nitaosha chujio, nitapima maji mpaka yatulie. Wiki ijayo watoto wanaingia." Makofi mazito kutoka nyuma.)

Mmesikia? Ameniita mwanangu, tena hadharani. Nimeguswa. Lakini mama yangu, ufunguo hautoki kwa kuombwa. Ungekuwa unatoka kwa kuombwa, ofisi yangu ingebaki na kazi gani? Na hili la kutia klorini jua likizama nalipinga waziwazi. Ofisi yangu inafungwa alasiri. Kama klorini inashindwa kuvumilia jua ambalo watumishi wangu wanalivumilia kila siku, wakilala chini ya miti na magazeti usoni, basi hilo ni tatizo la nidhamu, na klorini hiyo itaitwa kujieleza.

(Msaidizi anajongea ukingoni kuweka sawa waya wa kipaza sauti, anateleza kwenye utelezi, anadakwa mkanda na dereva wa ofisi.)

Mmeona? Hakuanguka. Huo ndio usalama kazini.

Sasa niingie kwenye sayansi yenyewe, na nitaisema taratibu ili hata wale wa nyuma wapate chochote. Maji ya bwawa yana kipimo cha uchachu. Vitabuni wanasema kinatakiwa kuwa saba na ushee. Saba! Mimi nilipoambiwa hivyo niliigonga meza. Kwa nini tujiwekee malengo duni? Kwa nini wengine wapate kumi na sisi turidhike na saba? Nikaagiza kipimo chetu kiandikwe kumi na moja, na naahidi mbele yenu kwamba kabla sijastaafu kitafika ishirini.

(Shemeji anapiga makofi peke yake, kwa muda mrefu.)

Tena mkumbuke kwamba kazi yetu haikuwa kuondoa tu, ilikuwa kusawazisha. Na kusawazisha maana yake ni usawa. Tumehakikisha kila mdau aliyemo majini anapata nafasi sawa ya kutoa fidibaki, yaani maoni yake: mwani, ambao upo, viluwiluwi, ambao wameitikia kwa wingi unaotia moyo, na klorini, ambayo haijafika lakini kiti chake kimeachwa wazi. Asilimia tisini ya viluwiluwi tuliowahoji hawana malalamiko yoyote. Ni taasisi gani nyingine katika mji huu inaweza kusema hivyo juu ya wateja wake?

(Mwanamke mwenye futi ya kushonea shingoni, mama wa mmoja wa watoto, anasimama huku amempakata binti yake: "Mheshimiwa, mimi sina shida na viluwiluwi. Huyu mwanangu alikuwa ameanza kutembea humo majini. Alivuka peke yake, kutoka ukuta huu mpaka ule, hakushikwa na mtu. Sasa hata kusimama mlangoni anashindwa. Daktari kasema miguu ikiendelea kukaa tu itakaza, na ikikaza ndiyo basi. Tuambie tu: wanaingia lini?" Hakuna anayecheka.)

Mama, pole. Nasema pole kwa niaba ya ofisi, na kwa niaba yangu binafsi naiongezea nyingine, kwa hiyo una pole mbili. Lakini tusichanganye mambo. Sisi ni maji. Miguu iko chini ya idara nyingine kabisa, na ukitaka kuwaona wahusika wako ghorofa ya tano, wachangamfu sana, ila lifti mbovu. Mimi nikijibu swali la miguu nitakuwa nimevuka mipaka ya madaraka yangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya isipokuwa kwenye kufuli.

Nimalizie kwa kauli mbiu yetu, tuamke kidogo. Nikisema "Bwawa!", nyinyi semeni "Buluu!" Bwawa!

(Safu ya mbele: "Buluu!" Safu za nyuma, kwa pamoja: "Kijani!")

Bwawa!

("Kijani!" Hata dereva.)

Vizuri, utofauti wa mawazo ndiyo demokrasia. Mwani nje, maendeleo ndani! Kila tone na kamati yake! Kazi imekwisha, kazi iendelee!

Sasa shukrani. Naishukuru Kamati ya Uongozi kwa kukaa, na Kamati ya Ufundi kwa kukaa muda mrefu zaidi. Nawashukuru wauza kemikali, ambao hatukununua kwao hata kijiko na hawakutununia. Namshukuru fundi wa mabwawa, ambaye hatukumwita, na kwa kweli hatumjui. Namshukuru shemeji kwa ushauri wa kitaalamu ambao ataanza kuutoa mara tu mradi utakapobuniwa, maana wenye roho za korosho wanasema mradi huu haujawahi kuwepo popote, nami nawajibu kwamba hilo ndilo jambo la kujivunia: sisi ndio ofisi ya kwanza kukamilisha mradi bila kuusumbua uanze.

Na wa mwisho, lakini kwangu ndiye wa kwanza, ni binti huyo aliyepakatwa na mama yake mshonaji. Mama alikuwa kwenye cherehani, hatukutaka kumsumbua, tukamfuata binti shuleni. Tulimwambia anakwenda kuogelea, na mtoto yule alifurahi, jamani, njia nzima anaimba. Tukamlaza kifudifudi juu ya meza yetu ya mikutano, tumeitandika kitambaa cha buluu, shemeji akammwagia ndoo ya maji, tukamwambia atandaze mikono na kutabasamu. Picha ilitoka safi mno, na wakubwa walipoiona waliridhika palepale kwamba kazi imefanyika. Alikuwa anatetemeka, lakini hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, bwawa lenyewe liko wapi, nikamfuta maji usoni kwa leso yangu mwenyewe na kumjibu kama baba: kwa mujibu wa taarifa, mwanangu, wewe umeshaogelea, na miguu yako imepona.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.