Mgonjwa Aliyelazwa kwa Kalamu Yangu

Jumatatu, 6 Machi 2000
Vita haviishi, kazi ninayo bado. Asante Mungu kwa hilo la pili. Mimi ndiye ninayeandika fishi, yaani kadi za wagonjwa, na ankara katika kituo chetu cha afya, hapa juu ya mtaa wa Nyawera.

Maman Bintu, mkimbizi wa Kalehe, alijifungua kwa upasuaji, akapona. Hawezi kulipa, kwa hiyo hatoki. Ndiyo desturi ya hapa. Shirika la msaada linalipia wakimbizi wenye malaria kali tu.

Wazo! Nimeandika fishi ya mkimbizi asiyekuwepo: Aganze, wa Walungu, malaria kali, amelazwa. Shirika likimlipia, nafuta deni la maman. Kitakachobaki, nanunua viatu vyangu. Godelive, muuguzi, amesema fishi si mahali pa hadithi. Hana ndoto, mama huyu.

Jumanne, 7 Machi
Balaa! Shirika limemtuma Madame Gisèle, mgeni kabisa, kukagua kitanda kwa kitanda. Akamuulizia Aganze. Nikavua koti, nikaingia kitandani, nikatetemeka kwa ustadi. Akanipa pole. Niliguswa kweli.

Kisha akauliza mbona sijatundikiwa chupa ya serumu. Godelive akasoma fishi kwa sauti: imeandikwa, basi ifanyike. Sindano yake haina huruma! Nikamnong'oneza kwamba kinini, dawa ya malaria, sitaki.

“Papa Polycarpe, hii iko maji ya sukari tu. Kinini iko ya wagonjwa. Lala!”

Mungu ambariki.

Jumatano, 8 Machi
Habari njema: kuanzia leo shirika linalipia akina mama waliopasuliwa. Maman Bintu ametoka na mtoto wake, bila hila yangu yoyote. Habari mbaya: fungu la fedha za malaria limekwisha. Aganze ajilipie mwenyewe.

Daktari Télesphore, mkuu wetu, amenifuata kitandani na fishi mkononi. Nichague. Kama mimi ni Polycarpe, nimeghushi: kazi basi, na mahakama inanisubiri. Kama mimi ni Aganze, ni mgonjwa mwenye deni: sitoki mpaka nilimalize kwa kufua mashuka.

Nimemwambia naitwa Aganze. Huruma kubwa namna hii!

Ijumaa, 10 Machi
Sabuni imenibabua mikono. Lakini watu wema! Godelive amenipaka mafuta, akinitukana. Maman Bintu amerudi na fufu na sambaza, dagaa wa ziwani: “Kula, Papa Aganze, malaria inapenda sambaza!” Wodi nzima ikacheka. Nikala yote.

Alphonse, mbeba mizigo wa sokoni, analala kitanda cha pili. Mguu wake uliovunjika umeunga zamani. Deni ndilo linalomzuia. Ameniona natetemeka, safari hii kweli, akanipa blanketi lake. Nililia kidogo. Nikasingizia sabuni.

Jumamosi, 11 Machi
Deni limekwisha! Daktari amesema Jumatatu nirudi mezani kwangu, mradi niandike tu kile muuguzi alichokiona. Nimeapa mbele ya Godelive. Kesho naenda misa kushukuru. Sikujua kama napendwa hivi.

Lakini shukrani ya midomo mitupu si shukrani. Alphonse ana mke anayemngoja, na fishi zinarudi mikononi mwangu. Shirika linalipia akina mama waliopasuliwa.

Nimemwomba Alphonse anyoe ndevu.