Ombi la Sare Nyepesi ya Rangi ya Tope

Kwa Dona Argentina Murrua,
Mwenye Duka la Kukodisha Nguo za Harusi,
Quelimane.

Dona mwenye heshima zako,

YAH: SARE NYEUPE KUWA NZITO KULIKO MVAAJI

Shikamoo nyingi kama mvua ya wiki hii. Anayeandika ni mimi Zeferino, muuzaji wako hodari. Nikisimama mbele yako nababaika, lakini kwenye karatasi mimi ni simba: nilisoma hadi darasa la saba na nusu. Nusu iliyobaki ilinyesha.

Juzi ulinitamkia, mbele ya bibi harusi na ukoo wake mzima: "We Zeferino, ukiingia tena humu na tone moja la tope, siku hiyohiyo urudi kwa mjomba wako ukapande mpunga!" Dona, mimi na mpunga tulishaachana, na hatukuachana vizuri. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Natoka mtaani kwetu Icidua kila asubuhi kwa baiskeli. Madigadi hatuna. Udongo wetu ukiingia chini yake unaganda, gurudumu linagoma, basi sote tumeyang'oa. Matokeo yake gurudumu la nyuma linanichora mstari kuanzia makalioni hadi kisogoni. Vijana wa teksi za baiskeli wananipokea njia panda: "Oya, Pundamilia! Mwenzako yuko wapi?" Nawajibu kwa matusi ya kisomi, ila hayafuti tope.

2. Sare uliyonipa ni ya pamba nzito, ndugu yake turubai. Ikilowa inafikia uzito wa mbuzi, na mbuzi huyo ananivuta suruali chini kila nikikanyaga pedali.

3. Usidhani sikutumia akili. Nilifunga sare kwenye mfuko wa plastiki, nikaja na bukta, nibadilishe nyuma ya duka. Baba wa bibi harusi mmoja akapita mlango wa nyuma, akanikuta mguu mmoja uko ndani ya suruali na mwingine unaitafuta. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, na wewe unakodishwa?"

4. Ndipo nilipogundua nailoni. Niliazima jezi ya mpira ya binamu yangu Momade. Nyepesi kama pumzi! Tope likiipiga linateleza, na nikifika mjini upepo umeshanikausha. Ni kweli kwamba ikilowa inaonyesha kila kitu hadi kitovu. Kifua changu, ambacho nilikuwa nimekitangaza sana kwa wasichana wa Icidua, kumbe ni mbavu tupu. Wameshazihesabu na idadi wanayo. Lakini, Dona, zilikuwa mbavu safi.

5. Kwa hiyo naomba sare ya nailoni nyepesi, rangi ya tope.

6. Na muuzaji akivaa rangi ya tope huku magauni yamebaki meupe, wateja watadhani dukani hatuelewani. Naomba basi magauni yote ya harusi yashonwe upya kwa nailoni hiyohiyo. Mabibi harusi nao hupanda baiskeli. Gauni la nailoni litakauka kabla padri hajamaliza kuuliza, na tope likiruka halitaonekana. Mji mzima utatuiga. Nakuachia wewe sifa zote, mimi niachie kazi yangu tu.

Nisalimie fundi Etelvina, mlinzi, na wote wa nyumbani kwako. Nisalimie pia yule mwanasesere wa dirishani, mwenzangu katika sare, ambaye hajawahi kuchafuka kwa sababu haendi popote.

Ni mimi mtumishi wako mwepesi,
Zeferino Mulima

Tanbihi: Hayo niliyaandika jana. Leo nimekuja na sare ileile nzito, mvua ileile, njia ileile, na mgongo wangu ni mweupe kama unga. Futa maombi yote. Siri si kitambaa, Dona, siri ni kupakia mtu nyuma: tope lote analipokea yeye. Mimi nilimpakia bibi mmoja aliyekuwa amekwama njiani na mwavuli wake, nikajua ni mama yako mzazi tulipofika. Yeye hajagundua kitu, maana liko mgongoni. Amejiegemeza kwenye kochi jeupe la wateja, anakusubiri, na kila anayeingia anamwambia, "Mwoneni kijana huyu alivyo msafi! Hebu geuka, mwanangu, wakuone."