Mitambo Minane ya Alumini

Jumatatu, 19 Agosti 2013

Nimepata meza! Maonesho ya bayoteknolojia na viwanda vya dawa yanakuja Chake Chake, ukumbini Gombani, na mimi Zahran bin Qais nimo. Si mtazamaji. Mshiriki! Kitambulisho cha kuvaa shingoni nimekivaa tangu asubuhi. Hamdiya kaniambia nikivue nikienda chooni. Mke gani huyu.

Kwenye fomu nimejiandika mtengenezaji wa dawa kwa mkataba. Barazani nimewaeleza maana yake mara tatu na hawataki kufahamu. Wewe una dawa yako na jina lako, huna kiwanda. Unaniletea, nakupikia, natia chupani, unabandika jina lako, mimi nanyamaza. Mzee Silima akauliza mgonjwa akifa ananyamaza nani. Kisha akakohoa mpaka kofia ikamvuka. Watu wa mtaa huu!

Fomu ikataka kujua nina mitambo gani. Hapo nikakwama. Nikatazama dirishani, nikaiona stoo. Sufuria za mtaa! Nane, kila moja mtu mzima anaoga ndani. Nikaandika: mitambo mikubwa minane, ya alumini.

Kuhusu sufuria hizo nieleze, wajukuu wasije wakanidhulumu. Tangu uchaguzi wa tisini na tano mtaa huu uligawika kwa vyama. Wa huku hawaendi maziko ya huko, pilau ya huko haipiti koo la wa huku. Mwaka wa maridhiano pande zote zikachanga, zikanunua sufuria za arusi na hitma, ziwe za wote. Nani ashike ufunguo? Kila jina likakataliwa na upande mmoja. Langu halikukataliwa na yeyote. Mzee Mjaka, mwenyekiti wa kamati ya sufuria, alisema Zahran hana madhara kwa mtu. Babu yangu alikuwa na mikarafuu mpaka njia ya Wete. Mimi nina ufunguo huu. Ndiyo amana pekee niliyopewa na watu, na naipenda kuliko ninavyosema.

Hamdiya kanikumbusha tumo mfungo mosi, mwezi wa maarusi. Nimemwambia wiki hii hakuna arusi iliyotangazwa. Nimeshauliza.

Jumanne, 20 Agosti

Nimepika dawa ya kuchua kifua, ya majaribio, sufuria zote nane, ili kesho niseme kiwanda kinafanya kazi bila kudanganya. Nta ya nyuki, mafuta ya karafuu, na karafuu maiti nyingi. Ndiyo inayofungua kifua. Dawa ni ya Bi Mize, mteja wangu wa pekee, anayeiuza kwa jina lake na kusema alioteshwa na bibi yake. Hajui naipikia wapi. Mtengenezaji naye ana siri zake.

Tatizo, harufu haitoki. Nimesugua kwa majivu. Nimesugua kwa ndimu na mchanga. Nimezianika juani. Nta imeshika kwenye alumini kama deni. Hamdiya kasimama mlangoni mwa stoo, kapiga chafya, kasema pananuka kama chumba cha kuoshea maiti. Nikamwambia karafuu maiti si ya maiti tu, ni dawa inayojulikana dunia nzima. Kasema hapa Pemba inajulikana kwa maiti.

La kuudhi zaidi. Binamu yangu Ghassan, mwenye duka la dawa sokoni, naye kapata meza. Jirani na yangu! Kaazima hadubini ya skuli. Hajui hata pa kuweka jicho.

Jumatano, 21 Agosti

Maonesho. Hotuba ndefu. Mtaalamu mmoja kaeleza kwamba siku hizi kuna vijidudu vinafundishwa kutengeneza dawa, na vinafundishika. Nikamfikiria Ghassan.

Watu wote mezani kwake! Wanapanga foleni kuchungulia hadubini. Ndani kaweka unywele wake mwenyewe. Wanatoka wanasema subhanallah. Mezani kwangu kaja mtu mmoja, kauliza choo kiko wapi.

Halafu kaja Bi Shadya. Ametoka Dar es Salaam, kampuni yake ina dawa ya kuchua na haina kiwanda. Mafua yamembana, sauti imemkauka. Kanusa kichupa changu mara moja, pua ikafunguka, macho yakamtoka. Kauliza mitambo minane ni ya nini. Nikamwambia ya dawa. Kauliza ya dawa tu? Nikamwambia ya dawa tu. Sikuapa, hilo nalishukuru. Kasema kesho saa nane mchana atakuja kuiona, akiridhika tunazungumza mkataba. Ghassan alisikia yote. Unywele ukamdondoka.

Nimerudi nyumbani naelea. Barazani kwangu kakaa Mzee Mjaka, kofia gotini. Arusi ya binti yake Mwanawema ilikuwa mwezi ujao. Sasa ni kesho! Bwana arusi kaitwa kazini Maskati, anaondoka Jumamosi. Alfajiri wapishi watakuja kuchukua sufuria.

Nimesema zinavuja. Kasema, "Zote nane, yakhe? Hata kanzu ya maskini haivuji yote." Nimesema ufunguo umepotea. Kautazama shingoni kwangu, pamoja na kitambulisho. Nimesema basi achukue nne. Hapo kasema kwa upole kwamba safari hii wamealikwa wa pande zote mbili, na wote wameitikia, jambo ambalo hakulitarajia kuliona kabla hajafa.

Ningefanyaje? Sufuria za mtaa hazinyimwi arusi. Nimempa. Kuhusu harufu sikusema kitu. Labda moshi utaifukuza.

Alhamisi, 22 Agosti

Naandika yote, kama yalivyokuwa.

Alfajiri wapishi walizichukua kwa vigelegele. Mkuu wao, kama siku zote, ni Bi Mize. Ndiyo, yule yule. Nikamwomba anirudishie mbili tu kabla ya saa nane. Akaninyooshea mwiko, ule mrefu kama kasia, akaniambia wanaume wasipite jikoni.

Basi akili ikanijia. Kama mitambo haiwezi kuja kwa mgeni, mgeni ataenda kwa mitambo! Ua wa Mzee Mjaka: sufuria nane, moto, wanawake wamejifunga vitambaa puani kwa moshi, wanakoroga. Kiwanda ni nini zaidi ya hapo? Saa nane nikampitisha Bi Shadya uchochoroni, nikamsimamisha penye mwanya wa makuti, nikamwambia leo ni siku ya uzalishaji na hawa ndio wafanyakazi wangu.

Akatazama kwa makini. Akauliza mbona dawa ina mchele.

Kabla sijajibu, Bi Mize akafunua sufuria moja kuonja. Akatafuna. Akasimama. Akaonja ya pili. Uso wake sijauona hivyo tangu nimjue. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Wesha, "Hino dawa yangu!"

Lakini masinia ya wanaume, ya sufuria zilizowahi kuiva, yalikuwa yameshatangulia, na nikaitwa nile, maana jirani hakosi sinia. Bi Shadya naye wanawake wakamvuta ndani, mgeni haondoki mlangoni. Nimekaa na pande zote mbili, goti kwa goti, watu wasioonana usoni tangu tisini na tano. Bismillahi. Tonge la kwanza. Wote wamenusa kitu kile kile na wote wamekumbuka maziko waliyohudhuria, na wengine maziko waliyosusa. Mzee mmoja, kwa mazoea tu, akasema, "Inna lillahi." Upande wa pili wakaitikia! Na bwana arusi amekaa katikati, na maua yake.

Ndani mama wa bibi arusi akaanza kulia, na si kilio cha furaha.

Bi Shadya alitoka kajitanda kanga aliyopewa. Sauti imemrudi, safi kabisa, mafua hana. Kaitumia kuniambia kwamba dawa yangu ni nzuri na inashika, ndiyo hofu yake. Kampuni yake haiwezi kuweka jina lake juu ya pilau ya watu. Akaniaga kwa adabu. Mlangoni akaongeza, nadhani kwa huruma, kwamba wakati mwingine wananunua pia majani makavu ya mchaichai, kwa mwenye pahali safi pa kukaushia.

Ijumaa, 23 Agosti

Baada ya sala kamati imekaa. Wa chama hiki kasimama, kasema Zahran kawatia mkosi wa maiti kwenye arusi. Wa chama kile kasimama, kasema anamuunga mkono mwenzake. Mara ya kwanza! Wakapeana mikono. Nani kawapatanisha? Hakuna aliyeuliza.

Mzee Mjaka hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Kasema binti yake kaolewa kwa harufu ya sanda, na mimi nilijua nilipokuwa nampa sufuria. Akanyoosha mkono. Kamba ilinasa na kitambulisho cha maonesho, nikashindwa kuifungua, akanisaidia mwenyewe. Nimelia nyuma ya stoo. Hamdiya kaja, kakaa karibu yangu, hakusema nilikwambia. Kidogo ningempenda kuliko zamani, ila alikuwa akipiga chafya.

Na ufunguo kapewa nani? Ghassan!

Mama mkwe wa Mwanawema, mwenye pumu, watu wanasema jana kalala vizuri ajabu. Shukrani, hata moja.

Jumapili, 25 Agosti

Bwana arusi kaondoka. Wapishi wa arusi nyingine wamemgongea Ghassan mlango alfajiri. Nimesikia raha mpaka kwenye mifupa.

Mzee Mjaka kaja. Kasema haipendezi mtu kuishi mtaani bila kuaminiwa kitu chochote, moyo wake umekataa. Kamati imekubali nitunze majamvi, yale ya kukalia watu kwenye maziko na hitma. Kasema, "Jamvi, yakhe, halipikiki." Nikambusu mkono. Nimemwahidi, na nimejiahidi mwenyewe humu: nimejifunza. Amana ni amana. Sufuria ni za pilau.

Yameletwa jioni. Marefu, safi, yamefumwa vizuri, yamejaa stoo mpaka darini. Nimeyatandika uani mawili matatu, kuyatazama tu. Jua linapiga vizuri pale. Hewa inapita.

Mchaichai umejaa nyuma ya jiko la Hamdiya, haumsaidii mtu. Nimeshamwandikia Bi Shadya: eneo kubwa la kukaushia, safi, la asili.

Hamdiya kauliza, na ukitokea msiba? Msiba gani? Nimezunguka mtaa mzima magharibi hii kuwajulia hali wazee, na wote wazima, alhamdulillahi. Ni Mzee Silima tu anayekohoa. Kesho asubuhi nampelekea kichupa, bure.