Mvua za Bibi wa Wete

Jumatatu, 7 Novemba
Nina hasira. Madamu Praxeda wa Jiografia katangaza: atakayechora grafu bora ya mvua ya Pemba, mwezi kwa mwezi, ataenda naye huko kwenye mkutano wa shule. Nauli juu ya shule. Bibi yangu Saleha anakaa Wete. Sijamwona tangu Iddi ya mwaka juzi, na kila nikiomba kwenda Mama anasema meli si bajaji. Nilitaka kuyasema hayo darasani. Kabla sijafungua mdomo, Godlisten keshanyoosha kidole. Mtu wa Lushoto, bahari anaiogopa hata pale ufukweni Raskazone.

Jumanne, 8 Novemba
Godlisten kaenda ofisi ya hali ya hewa kuomba takwimu. Ahangaike. Mimi nina Bibi.
Nimempigia. Shikamoo Bibi, nikishinda shindano naja kwako. Mwezi wa tatu mvua ilikuwaje? Alhamdulillah, mjukuu wangu. Wa nne? Neema tupu. Na huu wa kumi uliopita? Tunamshukuru Mola.

Jumatano, 9 Novemba
Nimechora. Kila mwezi mvua imefika juu ya karatasi. Kalamu ya bluu ikaisha wino, nikaazima ya Godlisten. Hakuuliza ya nini. Mjinga.

Alhamisi, 10 Novemba
Sitaki kuandika, ila nitaandika.
Vijiti vya grafu ya Godlisten vifupi, vina mapengo kama meno ya mzee. Ukame mtupu. Madamu akaniuliza takwimu zangu nimetoa wapi. Nikasema, kwa sauti ya mbu, kwa Bibi wa Wete. Sele akauliza Bibi anapimia kata au kikombe cha kahawa. Darasa zima hoi. Madamu hakucheka. Kasema kwa mvua hizo Pemba ingekuwa imeshazama.
Jioni nikampigia Bibi. Sikuuliza mvua. Niliuliza kisima kina maji? Akasema kimekauka siku nyingi, anapanga foleni kwa jirani, ndoo moja kwa siku, na yenyewe ya chumvi. Mbona hukusema? Akanijibu, "Kwani ulitaka nimlalamikie Mungu, tena kwa vocha ya mama yako?"
Nimekasirika hadi nimelia. Mtu mzima anafichaje jambo kama hilo?

Ijumaa, 11 Novemba
Kachaguliwa Godlisten. Kanifuata getini, macho chini, anasema atafika Wete, kama Bibi ana shida yoyote atampelekea mzigo, hata madumu ya maji atayabeba. Damu ikanipanda. Yeye wa kunihurumia mimi? Nikamwambia alhamdulillah, Bibi yangu hana shida.
Nyumbani Mama akauliza shindano vipi. Alhamdulillah, nikasema, nikaingia chumbani.
Bibi nimemsamehe. Kuficha mambo ni tabia mbaya, lakini keshazeeka nayo, hawezi kubadilika.
Baada ya Magharibi kapiga mwenyewe. Ati, vipi, nimepita? Alhamdulillah, Bibi.
Kafurahi, kaniombea dua ndefu. Kasema kuanzia leo ananiwekea kidogo kidogo kutoka kwenye ndoo yake, nikifika nikute maji ya kuoga.